Katibu wa Nchi ya Chini

Teodosia Nandonde alikuwa na miaka kumi na saba alipoanza kumchukia mtu ambaye hakuwa amemkosea lolote.

Kabla ya hapo hakuwa mtu wa chuki. Alizaliwa Mtua, wilayani Nachingwea, kwenye nyumba ya Wamakonde ambao babu yao alivuka Ruvuma wakati wa vita vya Msumbiji, akapewa kipande cha pori, akakifyeka na kupanda mikorosho. Bibi yake alikijua Kiswahili cha sokoni tu: bei, salamu, na maneno ya kufukuzia mbuzi. Lakini Teodosia alipokuwa akisoma kwa sauti, bibi aliweka kinu pembeni akasikiliza, ingawa nusu ya maneno hakuyaelewa. Mwaka 1998, Teodosia akiwa darasa la nne, alisoma risala mbele ya wageni wa shule, na mgeni mmoja akachomoa kalamu mfukoni akampa. Tangu siku ile akajua yeye ni nani. Wengine walikuwa wa mbio, wengine wa hesabu. Yeye alikuwa mtu wa kusema.

Sekondari, ya bweni palepale Nachingwea, ikamkuza zaidi. Kila Ijumaa mchana kulikuwa na mdahalo kwa Kiingereza, na wanafunzi wengi walipanda jukwaani wakasema sentensi mbili, wakashuka wakitokwa jasho. Teodosia alisema dakika tano bila karatasi. Kufikia kidato cha pili hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Balozi, na hata wapishi wa bwalo walimwita hivyo walipompakulia maharage. Jina lile alilipenda kuliko alivyowahi kukiri kwa mtu yeyote.

Raudha alihamia shuleni Januari 2004, wakiwa wanaanza kidato cha tatu. Alitokea Ruangwa, kwao kabisa ni Nambilanje, mtoto wa wakulima wa ufuta na korosho. Alikuwa Mmwera aliyeongea taratibu, na "r" ilimteleza ikawa "l", hata jina lake mwenyewe akalitaja "Laudha". Siku ya kwanza aliposema "balabala" darasa zima lilicheka. Naye alicheka nao, kisha akamaliza alichokuwa akisema. Alipewa kitanda cha chini, Teodosia akiwa cha juu. Kwa miezi sita walikuwa majirani wema. Waliazimana sabuni, na Raudha alimfundisha kusuka ukili.

Mwalimu Saturnini ndiye aliyeyaanza yote bila kujua. Alifundisha historia na uraia, mtu mfupi mwenye sauti ya chini, asiyekunja mikono ya shati hata jua la Oktoba likiwaka. Mwezi wa nane akaingia darasani na karatasi kubwa ya manila, akaibandika ubaoni. Alikuwa amechora mto.

"Kwa siku tatu mtakuwa nchi mbili," alisema. "Huku juu ni Nchi ya Juu. Imejenga bwawa. Huku chini ni Nchi ya Chini, inalima kwa maji ya mto huuhuu. Swali ni moja tu: malango ya bwawa yafunguliwe miezi mingapi kwa mwaka? Mtakaa mezani kama mabalozi. Hapa hakuna kushinda kwa makofi. Mkiinuka bila mkataba, nyote mmeshindwa."

Teodosia alinyoosha mkono. Alikwisha kujiona mezani. "Mwalimu, tutazungumza kwa Kiingereza?"

"Kwa Kiswahili. Mwezi uliopita kimesikika kwenye mkutano wa Umoja wa Afrika. Kama kinawafaa wakuu wa nchi, kitatufaa na sisi."

Darasa lilishangilia. Teodosia naye alipiga makofi, lakini kwa vidole tu. Alikuwa kama mtu aliyepanda ghorofani kwa ngazi, akageuka na kukuta imeondolewa.

Kabla ya kugawa nafasi, mwalimu aliwajaribu wawili wawili. Teodosia akawekwa na Raudha. Zoezi lilikuwa rahisi: wao ni ndugu, wana baiskeli moja, wagawane siku za wiki.

Teodosia alianza. Alieleza kwa nini yeye anastahili siku tano, akataja umbali wa shamba, ugonjwa wa mama, na haki ya mkubwa mbele ya mdogo. Alisema vizuri, wenzake wakagonga madawati. Alipomaliza akamtazama Raudha, akingoja hoja azivunjevunje.

Raudha hakusema kitu. Alimtazama tu, kwa upole, kama mtu anayesubiri mwenzake amalizie.

Ukimya ulikaa. Teodosia hakuwahi kuuzoea ukimya. "Basi… chukua Jumatano pia," alisema.

Raudha aliitikia kwa kichwa, akaendelea kungoja.

"Haya, na Ijumaa, maana una swala."

Mtu mmoja nyuma akacheka. Teodosia alisikia masikio yanapata moto, na kadiri yalivyopata moto ndivyo mdomo ulivyozidi kwenda. Alipokuja kunyamaza, yeye alibakiwa na siku mbili, na moja ilikuwa Jumapili, siku ambayo kwa maneno yake mwenyewe haendi shamba.

"Nashukulu, dada," Raudha akasema. Ndiyo maneno pekee aliyoyatamka. Darasa lilikaribia kuanguka kwa kicheko.

Kesho yake orodha ilibandikwa kwenye mlango wa bwalo. Mwenyekiti wa mazungumzo: Halfani. Kiongozi wa ujumbe wa Nchi ya Juu: Dickson. Kiongozi wa ujumbe wa Nchi ya Chini: Raudha. Chini ya jina lake, Emmanuel, mshauri wa kilimo. Na chini ya Emmanuel: Teodosia, katibu.

Aliisoma mara tatu. Alihesabu mistari kati ya jina lake na jina la juu.

Wivu una kazi nyingi ndogondogo, na Teodosia alizifanya zote. Alihesabu mara ngapi mwalimu amelitaja jina la Raudha kwa kipindi kimoja. Aligundua kwamba wanafunzi waliomcheka Raudha Januari sasa walisema "balabala" kama yeye, kwa mapenzi. Alikerwa na namna Raudha anavyokunja shuka. Alikerwa zaidi kwamba Raudha alikuwa akimwuliza mambo, akiinua uso kutoka kitanda cha chini: "Balozi, 'makubaliano' na 'mkataba', lipi neno zito zaidi?" Lile jina, kinywani mwa Raudha, halikuwa na kejeli hata chembe. Ingekuwapo, Teodosia angepata sababu.

Mazungumzo yalianza Jumatano bwaloni, meza mbili zikiwa zimesogezwa na kutandikwa shuka. Kila ujumbe ulipewa bahasha iliyofungwa, ndani yake maelekezo ya siri ya serikali yao. Mwalimu Saturnini aliikabidhi ya Nchi ya Chini mkononi mwa katibu. "Hii unalala nayo," alimwambia. Ndani yake iliandikwa: hadharani daini malango yafunguliwe mwaka mzima. Mkibanwa, shukeni. Lakini chini ya miezi sita msitie sahihi.

Siku ile ya kwanza Nchi ya Juu ilitoa miezi miwili, Nchi ya Chini ikataka kumi na miwili. Siku ya pili Dickson akafika minne, Raudha akawa amesimama kwenye kumi. Teodosia aliandika kumbukumbu. Mwandiko wake ulikuwa safi kama wa kitabu, ila palipokuwa na jambo zuri alilolisema Raudha, yeye aliandika tu: "Kiongozi alichangia."

Jioni ya siku ya pili alikwenda bombani kuchota maji, akamkuta Dickson anaosha sahani. Dickson hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtani tu, kama vijana wote wanaodhani utani hauna uzito.

"Balozi mzima," alisema, "leo wamekufanya karani?"

Teodosia alitega ndoo. Maji yaliingia kwa kelele, na alisema kwa sauti isiyozidi kelele hizo. "Miezi sita."

"Nini?"

"Wakibanwa watakubali sita. Msiende hata siku moja zaidi."

Dickson aliacha kuosha. Alimtazama kwa mshangao, kisha akatabasamu, na tabasamu lile halikuwa la mtu anayekushukuru. Teodosia alijitwika ndoo akaondoka. Utamu wa jambo alilofanya ulidumu hadi akamaliza ugali. Baada ya hapo aliposikia Raudha akifanya mazoezi ya hotuba yake kwa kunong'ona kule kitanda cha chini, alijifunika shuka hadi kichwani.

Siku ya tatu walikuja wageni: wanafunzi wa shule moja ya Ruangwa waliofika kwa lori, na mama mmoja aliyeitwa Bi Moza. Huyu aliwahi kufanya kazi ofisi ya ubalozi nje ya nchi, kisha akastaafu akarudi kulima ufuta Ruangwa. Alikaa mbele, miwani puani, mkoba magotini.

Dickson alisimama. "Mheshimiwa Mwenyekiti, Nchi ya Juu imetafakari. Tunatoa miezi sita. Hatuongezi."

Raudha akajaribu tisa. "Sita," Dickson alijibu. Akajaribu nane, akieleza habari za njaa. "Sita, Mheshimiwa." Dickson alikuwa akitazama dirishani.

Raudha aliomba mapumziko ya dakika kumi. Watatu wa Nchi ya Chini walitoka wakasimama nyuma ya stoo ya kuni.

"Dickson anaijua sita," Raudha alisema.

"Labda amebahatisha," Emmanuel akasema.

"Mtu akibahatisha humtazama mwenzake usoni, aone kama amepata. Dickson hakunitazama."

Teodosia alishika bahasha kwa mikono miwili. Raudha hakumgeukia. Alichukua kijiti, akachora mstari mchangani, akaukata vipande kumi na viwili, akavihesabu kwa kidole. Kwao Nambilanje hakuna asiyejua mwezi gani visima hukauka.

"Emmanuel, mvua zinaanza lini?"

"Desemba. Novemba mwishoni, mwaka ukiwa mzuri."

"Zinakatika?"

"Aprili. Mei mwanzoni."

"Basi," Raudha alisema, akafuta mchanga kwa mguu. "Twendeni."

Waliporudi alisimama, sauti ileile ya taratibu. "Mheshimiwa Mwenyekiti, Nchi ya Chini inakubali miezi sita."

Bwalo likaguna. Dickson alishindwa kuficha meno yake. Halfani akauliza kama pana sharti lolote.

"Dogo tu. Kwa kuwa wenzetu wamechagua idadi, sisi tunaomba kuchagua majina ya miezi."

Dickson alikuwa tayari amenyanyua kalamu. Mtu aliyepata alichokijia hataki kukaa sana kwenye meza. "Hakuna tatizo," alisema, akatia sahihi. Raudha naye akatia sahihi, kisha akamsomea Mwenyekiti miezi yenyewe, polepole, mmoja mmoja: Juni, Julai, Agosti, Septemba, Oktoba, Novemba. Kiangazi kizima. Miezi mingine sita mvua ingenyesha, na Nchi ya Chini haikuhitaji bwawa la mtu.

Ilichukua muda kidogo watu kuelewa. Aliyeelewa wa kwanza alikuwa mmoja wa wageni wa Ruangwa, akapiga yowe, halafu bwalo zima likainuka. Mwalimu Saturnini alisahau kwamba alisema hakuna makofi. Naye Teodosia aliingiza sahihi zote mbili, tarehe, na saa kwenye kumbukumbu, huku akielewa jambo moja lililomchoma kuliko mengine: kama asingeipeleka ile sita bombani, Dickson asingekuwa na haraka. Alikuwa amempa Raudha ushindi kwa mkono wake mwenyewe.

Wageni walipokuwa wakinywa chai, Bi Moza alimjia, akaomba kuziona kumbukumbu. Alizisoma zote, akilamba kidole kila anapofunua.

"Mwandiko wako mzuri, mwanangu. Ila sehemu nyingine umekuwa mchoyo wa maneno."

"Shikamoo, mama," Teodosia alijibu, ingawa walikwisha kusalimiana.

"Mimi nilikuwa katibu miaka ishirini na mmoja. Mabalozi walibadilishwa sita, mimi nikabaki palepale. Unajua ni kwa nini? Balozi ana maneno. Katibu ana bahasha. Mtu akikupa bahasha, amekuambia anakuamini kuliko wote waliopo." Alifunga daftari akamrudishia. Hakuuliza kitu kingine. Teodosia hakujua, na hakuja kujua kamwe, kama mama yule alikuwa anasifu au anahukumu.

Wiki mbili baadaye ikatangazwa kwamba kutakuwa na kongamano la namna ileile mjini Lindi, shule kadhaa za kusini, na shule yao ipeleke wawili. Wa kwanza alikuwa Raudha bila mjadala. Mwalimu akamwachia amchague mwenzake.

"Namtaka katibu wangu," Raudha alisema mbele ya darasa.

Teodosia alihisi kila jicho. Kwenda Lindi kulikuwa ndoto yake ya tangu kidato cha kwanza, lakini katika ndoto ile hakuwa nyuma ya mtu, amebeba faili. Asubuhi ya safari alibaki kitandani akasema ana homa. Matroni alimgusa shingo, akaguna, akaenda. Raudha alisimama karibu na kitanda, kanga begani, mfuko mkononi.

"Huji kweli?"

"Naumwa."

"Haya. Ugua pole." Akaenda na Emmanuel.

Walirudi siku ya nne na vyeti vyenye muhuri wa bluu. Kwa mwezi mzima bweni halikuwa na habari nyingine: ukumbi wenye vipaza sauti, bahari, mvulana wa Mtwara aliyejifanya Katibu Mkuu akaanguka na kiti. Teodosia alizisikia zote kutoka kitanda cha juu, uso ukutani. Hakuuliza hata swali moja. Tangu hapo maneno kati yao yakawa ya "nipishe" na "asante".

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka mwanzoni mwa 2006, Teodosia alifaulu vizuri. Raudha aliangushwa na hesabu. Teodosia alisimama mbele ya ubao wa matokeo akingoja kufurahi. Kitu kidogo kilimjia kweli, chenye ladha mbaya, na hakikukaa. Akaenda Dodoma kusomea mambo ya serikali za mitaa. Mwaka 2008 akaajiriwa kuwa mtendaji wa kijiji kimoja cha kata ya Naipingo, Nachingwea. Akawa na ofisi yenye dirisha la wavu, muhuri, na pikipiki ya kuazima kwa diwani. Watu walimwita Mheshimiwa Mtendaji. Aliwahutubia vizuri, wakapiga makofi, wakarudi nyumbani na ugomvi wao uleule.

Juni 2009 waliitwa semina ya siku moja Ruangwa. Miaka ile wafugaji walikuwa wameingia kusini na ng'ombe wao, na kila kijiji kilikuwa na kesi ya mifugo iliyokanyaga ufuta. Waliitwa watendaji pamoja na wajumbe wa mabaraza ya kata. Mwezeshaji akaomba mtu aeleze walivyotatua kwao. Watendaji walitazamana. Safu ya nyuma, mwanamke mwenye mtandio wa kijani na mtoto mgongoni akainuka.

"Mimi natoka balaza la kata, Nambilanje," alisema.

Teodosia hakuhitaji kugeuka. Raudha alieleza kwa taratibu yake: walivyokaa siku nne na wafugaji, walivyokubaliana njia ya ng'ombe kuelekea mtoni, nani aliapa na nani aligoma. Hata waliokuwa wakibonyeza simu waliacha. Mwezeshaji aliandika. Na pale kwenye kiti chake cha mbele, chenye jina lake kwenye karatasi, Teodosia aliukuta wivu wake uleule, haujazeeka hata siku moja. Mwenzake hakuwa na cheti, hakuwa na mshahara, alikuwa na mtoto anayelia. Na bado alitamani kuwa yeye.

Mchana aligawiwa sahani ya wali, akaipeleka moja kwa moja kwenye mkeka alikokaa Raudha.

"Nilimwambia Dickson," alisema kabla ya kukaa. Hata salamu hakutoa. "Ile sita. Ni mimi."

Raudha alimhamishia mtoto ziwa la pili. "Najua."

"Tangu lini?"

"Nyuma ya stoo ya kuni. Uliishika ile bahasha kama inataka kuluka."

"Mbona hukunisema?"

"Tulikuwa na dakika kumi. Ningeanza na wewe, zingeisha kwako."

Teodosia alikaa. Wali ulikuwa unapoa. "Na Lindi? Ulijua, na bado ukanichagua. Nimefikiria jambo lile miaka mitano, Raudha. Mimi nisingeweza. Moyo ule uliutoa wapi?"

Raudha alimtazama, kisha akacheka, kicheko kirefu hata mtoto akaachia ziwa.

"Moyo gani, dada? Nilitaka tukae kiti kimoja kwenye basi, Nachingwea mpaka Lindi. Nisikwambie neno. Nikutazame tu, ufe kwa aibu njia nzima. Ulivyosema una homa nililia kwa hasila."

"Ulikasirika?"

"Ulidhani mimi malaika? Nilikasilika mpaka mtihani wa mwisho. Nilikuwa nakuombea ufeli." Akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio. "Mungu naye akasikia vibaya, akafelisha mwombaji."

Teodosia hakujua kama anaruhusiwa kucheka, lakini kicheko kilikwisha kumtoka. Walicheka hadi watendaji wenzake wakageuka kutazama. Kisha wakala. Hapakuwa na aliyeomba msamaha wala aliyesamehe. Angalau hapakuwa na aliyelitamka neno lenyewe.

"Wananisikiliza kijijini," Teodosia alisema baadaye, "lakini hawanifuati. Wewe wanakufuata. Naona wivu, mwenzio. Hata sasa hivi."

"Mimi nauonea wivu muhuli wako," Raudha alijibu. "Balaza langu likiamua, tunaandika kwenye daftari la mtoto. Mkubwa wa wilaya akiliona analiludisha. Njoo Nambilanje siku mbili, utuandikie ile njia ya ng'ombe vizuli, kama ulivyokuwa unaandika. Ila safali hii andika na niliyoyasema."

Teodosia alitazama mikono yake. Kwa hiyo hata zile kumbukumbu Raudha alikuwa amezisoma. Nje, utingo wa basi la Nachingwea alikuwa akigonga bodi na kuita abiria wa mwisho, na watendaji wa upande wake walikuwa wakikusanya mifuko. Mmoja alimpungia mkono aharakishe.

"Tangulieni," aliwaambia. Kisha akamgeukia Raudha. "Nipe huyo mtoto nimshike, umalize kula."

Keshokutwa yake, Nambilanje, waliandika kurasa tatu. Walibishana juu ya neno moja asubuhi nzima, na Teodosia alikubali kushindwa, ingawa hakukubali kwa furaha.